Macho ya Wazee wa Suzana: Hukumu ya Kikristo juu ya Sinema ya Ashiki, 1932–1976

Uhakiki wa fasihi na uhakiki wa filamu ni ndugu wa tumbo moja, ingawa hapa kwetu aghalabu hawalali chumba kimoja. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa kuichambua riwaya kwa kuzingatia maudhui na fani yake, lakini akishatoka darasani na kwenda kutazama filamu huziacha zana hizo mlangoni na kuhukumu kama mtu mwingine yeyote: ina uchi au haina? Swali hilo hakulitunga yeye. Ndilo lililoongoza hukumu za makanisa ya Marekani, na kwa kiasi fulani ya Ulaya, kwa zaidi ya miaka thelathini ya karne ya ishirini. Makala haya yanakusudia kuichunguza historia ya hukumu hiyo kwa kurejelea filamu chache za kale zilizosemwa kuwa za ashiki. Hatunuii kuwadhihaki waliohukumu, kwa maana wengi wao walikuwa watu makini waliokuwa na jambo la haki la kulinda. Tunachodai ni kwamba swali lao lilikuwa pungufu hata kwa mizani ya imani yao wenyewe, na kwamba Maandiko waliyoyatetea yanalo swali kali zaidi.

Huenda msomaji akauliza idara ya Kiswahili ina nini na filamu za Prague na Hollywood. Inayo, na ushahidi wa karibu ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa ajili ya maelezo yake ya ngono. Mwandishi wake alikuwa amesoma seminari. Jina la riwaya limechotwa katika litania ya Bikira Maria. Na sehemu kubwa ya kisa chake ni jinsi wazazi, walimu na wakubwa wanavyoutawala na kuutumia mwili wa msichana. Waliokataza walizihesabu kurasa zenye aibu. Hawakuuliza kurasa hizo zilikuwa zikimtuhumu nani.

Swali hilo la tuhuma ndilo kiini cha kisa cha Suzana, katika sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli kama kinavyosomwa na Wakatoliki na Waorthodoksi. (Waprotestanti hawaihesabu sura hiyo kuwa sehemu ya Biblia yao, nao wanapoteza kisa kizuri.) Wazee wawili wenye cheo cha uamuzi huenda kila siku kumtazama mke wa Yoakimu akitembea bustanini. Siku ya joto anapotaka kuoga, wanajificha, kisha wanajitokeza na kumtaka. Akiwakatalia wanamsingizia uzinzi na kumhukumu kifo, hadi kijana Danieli anapowahoji kila mmoja peke yake na uongo wao kufichuka. Msimulizi hafichi kwamba Suzana ni mzuri, wala kwamba alikwenda kuoga. Hakuna awezaye kukisoma kisa hicho bila kuiona bustani ile. Ila kimepangwa hivi kwamba msomaji anayetamani kuchungulia anajikuta amechuchumaa vichakani pamoja na wazee, naye anajua mwisho wao. Wachoraji wa Ulaya walikirudia kisa hiki kwa karne kadhaa, na wengi wao, tuseme kweli, walichora kwa macho ya wazee. Artemisia Gentileschi, katika picha yake ya mwaka 1610, alichora uso wa mwanamke anayechukizwa. Uchi ni uleule na bustani ni ileile, lakini kazi ni mbili tofauti kabisa.

Basi mizani tunayoipendekeza ina vipande viwili. Cha kwanza: kazi hii inamketisha mtazamaji wapi, vichakani au upande wa anayetazamwa? Cha pili, ambacho riwaya haina haja nacho sana lakini filamu haiwezi kukikwepa: mwili huu unaoonyeshwa ni wa mtu gani aliye hai, na ulipatikanaje?

Wasiwasi wa Wakristo juu ya maonyesho ni wa kale, na baadhi ya maandishi yake ya awali yaliandikwa katika bara letu. Tertulliano wa Karthago alitunga kitabu kizima dhidi ya michezo ya viwanja na majukwaa yapata mwaka 200. Agostino, naye mwana wa Afrika ya Kaskazini, anakumbuka katika Maungamo alivyovutwa na maigizo ya Karthago, na anasimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyeburutwa na wenzake hadi kwenye uwanja wa mapigano huko Roma akaapa kufumba macho. Aliyafumba. Kelele za umati zikamshinda, akayafumbua, na tangu hapo akawa mateka wa tamasha lile. Jambo la kuangaliwa ni kwamba Agostino hapotezi muda kueleza damu ilivyomwagika. Anaeleza jicho lilivyofunguka. Kwake dhambi imo katika uhusiano wa jicho na kitu, wala si katika kitu peke yake. Warithi wake wa karne ya ishirini waliusahau upande huo wa elimu yake.

Sinema ilipozaliwa haikuchukua muda kukutana na hasira. Mwaka 1896 kampuni ya Edison ilipiga filamu ya May Irwin na John Rice wakibusiana kwa muda usiofikia nusu dakika, na palikuwapo walioona haya hata kwa hayo. Mji wa Chicago ulitunga amri ya ukaguzi wa filamu mwaka 1907. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sinema ni biashara tu, haina kinga ya uhuru wa kusema. Uamuzi huo ulisimama hadi mwaka 1952, ulipopinduliwa katika kesi ya filamu ya Roberto Rossellini iliyodaiwa kuikufuru dini. Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo Kanisa lilipopata nguvu yake.

Wenye studio, wakiogopa serikali na wakiogopa zaidi kususiwa, walimwajiri Will Hays mwaka 1922. Huyu alikuwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri, na kabla ya hapo waziri wa posta. Kanuni iliyopitishwa mwaka 1930, ambayo watu huiita kwa jina lake, haikuandikwa naye bali na Wakatoliki wawili: padre Mjesuiti, Daniel Lord, na mchapishaji wa magazeti ya sinema, Martin Quigley. Ni haki kuusoma utangulizi wake kwa heshima. Unakiri kwamba filamu ni sanaa, na kwamba sanaa huwafikia watu wa kila umri na hali kwa nguvu ambayo kitabu hakina. Mhakiki yeyote wa fasihi angeweza kukubaliana na mengi ya hayo. Tatizo linaanza pale kanuni inaposhuka kutoka hoja hadi orodha: busu la namna hii, vazi la namna ile, chumba cha kulala, ngoma. Mpaka mwaka 1934 orodha hiyo ilidharauliwa. Mwaka huo Joseph Breen, Mkatoliki mwingine, aliwekwa kuitekeleza, na maaskofu wa Marekani wakaanzisha Legion of Decency, yaani Jeshi la Staha. Waumini kwa mamilioni waliahidi, wengi wakisimama wima kanisani, kutotazama filamu chafu. Filamu ziliwekwa katika madaraja ya A, B na C, C ikiwa ni ile iliyolaaniwa, na sehemu kubwa ya kazi ya kuzitazama na kuzipanga ilifanywa na wanawake wa chama cha wahitimu wa shule za Kikatoliki, ambao historia haijawataja inavyowastahili. Mwaka 1936 Papa Pius wa Kumi na Moja aliwasifu maaskofu hao katika waraka wake Vigilanti Cura na kuwataka wa nchi nyingine wafuate mfano.

Upungufu wa orodha unaonekana wazi zaidi kwa mtu aliyeielewa vizuri kuliko walioiandika. Cecil B. DeMille alitoa The Sign of the Cross mwaka 1932, filamu ya mashahidi wa imani chini ya Nero. Humo Claudette Colbert anaoga katika birika la maziwa ya punda kwa muda mrefu wa kutosha. Humo mna ngoma ya kumshawishi bikira Mkristo. Humo wanawake wasio na nguo wanafungwa uwanjani mbele ya wanyama. Kisha wenye imani wanapanda ngazi kwenda kufa, na mtazamaji anatoka akiwa ameburudika mara mbili, kwa dhambi na kwa utakatifu. Viongozi wa Kanisa walikasirika, na hasira hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Jeshi la Staha. Iliporudishwa sokoni mwaka 1944 baadhi ya maonyesho yalikuwa yamekatwa. Lakini mkasi haukugusa ugonjwa wenyewe. DeMille alikuwa amegundua kwamba orodha hupima urefu wa kitambaa, wala haipimi mahali alipoketishwa mtazamaji. Na katika filamu ile mtazamaji ameketishwa karibu na Nero tangu mwanzo hadi mwisho. Mbinu hiyohiyo ya kuonyesha uovu kwa saa nzima na kuuadhibu katika dakika kumi za mwisho ilikuja kuwa karibu sheria ya Hollywood, tena kwa baraka za ofisi ya Breen.

Kinyume chake ni Extase ya Gustav Machatý, iliyoonyeshwa Prague mwaka 1933. Hii ndiyo filamu ambayo kila historia ya ashiki katika sinema huanza nayo au huipitia. Bibi harusi aitwaye Eva ameolewa na mwanamume mzee asiyemgusa. Anarudi kwa baba yake, anadai talaka, siku moja anaogelea uchi ziwani, na farasi anamkimbia na nguo zake. Anayemrudishia ni fundi kijana aitwaye Adam. Usiku wa dhoruba anamwendea kibandani, na kamera, badala ya kuonyesha miili, inabaki usoni mwa mwanamke. Mume wa zamani anajiua. Eva anamwacha Adam amelala kituoni na kuondoka peke yake. Forodha ya Marekani iliizuia filamu hiyo mwaka 1935 na nakala yake ikachomwa moto. Jeshi la Staha likailaani.

Majina pekee yangetosha kumshtua msomaji wa Biblia. Bustani, maji, uchi, aibu, kichaka cha kujifichia, na mwisho kuondoka: Machatý anakisimulia upya kisa cha Mwanzo, na anauliza kama uharibifu ulianza na tunda au ulianza na ndoa isiyo na upendo. Jibu lake linaweza kupingwa. Mkristo anayo haki ya kusema kwamba filamu hii inaitukuza tamaa ya mwili hadi kuifanya wokovu, na kwamba kifo cha yule mzee kimepitiwa upesi kuliko dhamiri inavyoruhusu. Hiyo ingekuwa hukumu ya kweli, yenye hoja. Waliolaani hawakuifikia, kwa sababu walisimama ziwani. Na hata ziwani hawakuuliza lililo zito. Hedy Kiesler, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa jina la Hedy Lamarr, alizaliwa Novemba 1914. Filamu ilipopigwa mwaka 1932 hakuwa ametimiza miaka kumi na minane. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwelekezi alimchoma kwa pini ili apate usoni mwake ile sura iliyosifiwa kuwa ni ya raha. Ikiwa ndivyo, basi uso maarufu kuliko zote katika sinema ya ashiki ni uso wa msichana anayeumia. Mume wake wa kwanza, mfanyabiashara wa silaha Fritz Mandl, inasemekana alijaribu kuzinunua nakala zote za filamu ili asiwepo mwingine wa kuitazama. Huyo naye alikuwa mhukumu wa maadili kwa namna yake.

Hapa inafaa kugusa neno lenyewe linalotumika kuzipanga filamu hizi, yaani kwamba zina maudhui ya watu wazima. Mtu mzima ni nani? Katika miaka hiyohiyo ya Vigilanti Cura, Baraza la Kimataifa la Misheni liliendesha huko Vugiri, Tanganyika, jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani. Filamu zao zilihusu kilimo, afya, kodi na mengineyo, na nyuma yake palikuwa na hofu kwamba sinema ya kibiashara ingewaharibu wenyeji. Hofu hiyo haikuwa ya dhambi tupu. Mwanamke wa Kizungu akibusiwa au mwanamume wa Kizungu akilewa kwenye kitambaa cheupe, heshima ya mtawala ilitikisika pia. Ndiyo maana katika makoloni kadhaa ya Uingereza barani Afrika filamu moja iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika hata wenye wajukuu. Utu uzima ulikuwa rangi. Anayetumia leo msamiati huu wa madaraja ya umri afahamu kwamba umewahi kubeba mizigo isiyokuwa yake.

Turudi Marekani. Tarehe 16 Desemba 1956 Kardinali Francis Spellman alipanda mimbari ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York, akawakataza Wakatoliki kuitazama Baby Doll ya Elia Kazan, iliyoandikwa na Tennessee Williams. Hakuwa ameiona filamu hiyo. Jumapili iliyofuata, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana la Waepiskopali, mji uleule, James Pike alimjibu kwa mahubiri yake mwenyewe. Kwa maoni ya Pike, asiyetaka mambo ya mwili yaonekane katika simulizi za maisha ilimpasa aichome Biblia pia. Tena aliona ashiki nyingi zaidi katika The Ten Commandments, filamu mpya ya DeMille yuleyule, ambayo makanisa yalikuwa yakiipigia debe. Ni nadra historia ya uhakiki kutupatia mdahalo safi namna hii: Wakristo wawili, mimbari mbili, juma moja.

Baby Doll haina uchi. Archie Lee, mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba jimboni Mississippi, ameoa binti aliyeahidi kutomgusa hadi atimize miaka ishirini, na siku hiyo ni kesho kutwa. Binti hulala katika kitanda cha mtoto mchanga, kidole mdomoni. Mwanzoni kabisa mwa filamu tunamkuta mume ametoboa ukuta na anamchungulia. Hapo sisi tunaona anachokiona, na mara binti anaamka na kumfumania. Ni wazee wa Suzana wamehamia Mississippi! Baadaye Archie Lee anachoma kiwanda cha mpinzani wake Msicilia, na huyu anakuja kumtongoza mke ili apate ushahidi. Uwanjani wamekaa Waafrika-Wamarekani wachache, karibu hawasemi, wanatazama na mara nyingine kucheka jinsi wenye mashamba wanavyojiaibisha. Hao ndio mahakimu halisi wa filamu, ingawa hakuna mhubiri aliyewataja. Uchomaji mali, ulevi, ubaguzi, na mwanamke aliyenunuliwa kwa ahadi ya samani: amri kadhaa za Mungu zimevunjwa hapo, na Kardinali aliletewa habari ya moja tu. Hata hivyo tusimpe Pike ushindi wote. Bango kubwa lililotundikwa Times Square lilimwonyesha binti huyo kitandani bila tundu la ukuta na bila Archie Lee, yaani kila mpita njia aligawiwa jicho la mume pasipo fedheha yake. Filamu ilishtaki kuchungulia, na biashara yake ikauza kuchungulia. Spellman alikuwa na sababu ya kukasirikia lile bango, na pengine hilo ndilo aliloliona.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuja mwaka 1965. The Pawnbroker ya Sidney Lumet inamhusu Sol Nazerman, Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi, sasa ana duka la rehani Harlem na moyo uliokufa. Mwanamke Mwafrika-Mwamarekani, kahaba anayehitaji fedha kwa ajili ya mpenzi wake, anavua nguo mbele yake na kumwambia atazame. Sol hawezi. Picha za kale zinamrudia kwa vipande vifupi mno: askari wanamlazimisha kumtazama mke wake, uchi, katika danguro la kambi. Halafu anamfunika yule mwanamke. Jeshi la Staha liliipa filamu hiyo daraja la C, na sababu yake ilikuwa uchi tu. Liliogopa kwamba mlango ukishafunguliwa hautafungika. Ofisi ya Kanuni, kwa upande wake, iliipa idhini kama kisa cha pekee. Baadaye, kwa kupunguzwa kidogo, Wakatoliki nao waliihamishia daraja la watu wazima.

Hebu tuisome kama tunavyosoma fasihi. Kijana anayemsaidia Sol dukani anaitwa Jesus. Anauawa kwa risasi akimkinga bosi wake, na Sol anarudi ndani na kuutoboa mkono wake kwa msumari wa kutungia stakabadhi. Ishara za Ijumaa Kuu zimejaa kiasi kwamba mhakiki mkali angeweza kulalamika kuwa zimezidi. Na lile onyesho lililolaaniwa ni funzo kamili juu ya kutazama: mtu anayelazimishwa kutazama, mtu anayekataa kutazama, na nguo inayorudishwa begani. Sijui ni mahubiri gani ya miaka hiyo yaliyoeleza tendo la kumfunika mwenzako vizuri zaidi. Mtazamaji anayetafuta ashiki hapo hupewa kambi ya mateso badala yake, na huona haya kwa kutafuta. Kanisa lililotaka kuwafundisha watu staha liliikuta staha mbele yake na halikuitambua, kwa sababu ilikuwa haijavaa.

Ulaya mambo yalikuwa yamekwenda kwa njia nyingine kidogo, kwa kuwa huko Wakatoliki walikuwa na vilabu vya filamu na jumuiya yao ya kimataifa, OCIC, tangu mwaka 1928. Lakini huko nako aliyesoma kwa makini aliweza kuumia. Fellini alipotoa La Dolce Vita mwaka 1960, gazeti la Vatikani liliishambulia. Mjesuiti Nazareno Taddei, aliyeitetea, aliadhibiwa na wakubwa wake. Mwaka 1968 waamuzi wa OCIC huko Venezia waliipa tuzo Teorema ya Pier Paolo Pasolini, mtu ambaye walikuwa wamemtuza mwaka 1964 kwa filamu ya Injili ya Mathayo. Katika Teorema mgeni asiye na jina anaingia nyumba ya tajiri wa Milano, analala na kila mmoja humo, mwanamume kwa mwanamke, kisha anaondoka. Kila mmoja anaporomoka isipokuwa mtumishi wa nyumbani, anayerudi kijijini na kuwa mtakatifu. Baba mwenye nyumba anavua nguo zote kituoni na kutokomea jangwani akipiga kelele. Vatikani ilighadhibika na tuzo hiyo. Mahakama ya Italia ilimshtaki Pasolini kwa uchafu, ikamwachilia mwaka huohuo. Kwa mizani yetu uchi wa yule baba ni uchi wa aliyenyang'anywa kila kitu, wala haumwalikii mtu yeyote tamaa. Kuhusu matendo ya mgeni, hapo mtu anaweza kusema kwamba Pasolini ameifanya ngono kuwa sakramenti, na Mkristo hawezi kulimeza hilo. Tofauti hizo mbili zinahitaji kusemwa kando kando. Mwaka 1995, Vatikani ilipotoa orodha ya filamu 45 bora kuadhimisha miaka mia ya sinema, Injili ya Pasolini ilikuwamo, na zilikuwamo pia Andrei Rublev na Schindler's List, ambazo zote mbili zina uchi ambao orodha ya 1930 isingeupitisha.

Wapo watakaofurahia historia hii upesi mno, wakidhani inathibitisha kwamba mwenye elimu hahitaji kuhukumu. Filamu nyingi zilizofuata kuvunjika kwa Kanuni mwaka 1968 hazikuwa na lolote la kusomwa; Emmanuelle ya mwaka 1974 ina mandhari nzuri za Thailand na fikra za brosha ya watalii, ambamo wenyeji ni sehemu ya samani. Kusema kwamba kazi itazamwe kwa ukamilifu wake si kibali cha kila kitu. Na wahakiki wa sanaa, sawa na wahubiri, wana upofu wao.

Upofu huo ulidhihirika kwa Last Tango in Paris ya Bernardo Bertolucci. Ilipotoka mwaka 1972, Pauline Kael, mhakiki aliyesomwa sana Marekani, aliipokea kama tukio kubwa la kisanaa. Italia ilikwenda upande wa pili: Januari 1976 mahakama yake ya juu iliamuru nakala ziharibiwe kwa kuwa ni chafu, na Bertolucci akanyang'anywa haki ya kupiga kura kwa miaka mitano. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1987. Pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya mtazamaji, mmoja akisema atainuliwa, mwingine akisema atachafuliwa. Maria Schneider alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka 2007 alieleza kwamba katika onyesho lililojulikana kuliko yote, ambamo anabakwa kwa kuigizwa, jambo moja halikuwa katika andiko na aliambiwa muda mfupi tu kabla ya kamera kuwashwa. Machozi yake, alisema, yalikuwa ya kweli. Alifariki mwaka 2011. Mwaka 2013 Bertolucci alikiri kwamba alimficha kwa makusudi, kwa sababu alitaka fedheha ya msichana mwenyewe, si ya mwigizaji.

Hapa kipande cha pili cha mizani kinafanya kazi peke yake. Hata tukikubali kwamba filamu hiyo kwa ukamilifu wake inahusu majonzi ya mjane, na kwamba Marlon Brando hakuwahi kuigiza vizuri zaidi, yule aliyelia si mhusika. Suzana wa kisa cha Danieli ni maneno. Tunaweza kumsoma mara mia bila kumwongezea dhiki. Desemba 2024 hifadhi ya filamu ya Ufaransa, Cinémathèque française, ilifuta onyesho la filamu hiyo baada ya malalamiko. Waliolalamika hawakutoka kanisani, na hawakutaja uchi. Waliuliza juu ya msichana.